Bwana Msa au Willy Gamba? Kumchagulia kitabu msomaji anayekua

Mdogo wangu alinipigia simu kabla ya likizo ya Desemba akaniomba niwachagulie wanawe vitabu. Binti ana miaka 13, kaka yake 17. "Dada, wewe ndiye msomaji wetu. Nunua chochote kizuri." Nikashuka Posta, nikachuchumaa mbele ya vitabu vya mtumba vilivyotandazwa juu ya turubai, nikainuka na Kusadikika cha Shaaban Robert kwa ajili ya binti, na Nagona ya Euphrase Kezilahabi kwa ajili ya kaka mtu. Vyote viwili navipenda kwa dhati.

Nilipowatembelea Januari, Kusadikika kilikuwa juu ya kabati na vumbi lile lile la barabarani. Nagona ilikuwa imekunjwa ncha ya ukurasa wa tisa, na safari ilikuwa imeishia hapo. Nilimuuliza binti kwa upole kama hakukipenda kitabu chake. Akainama. "Mama mkubwa, watu wenyewe wanahutubia tu."

Jibu hilo nilirudi nalo kwenye daladala mpaka nyumbani. Alikuwa amesema kweli. Karama, mshtakiwa wa Kusadikika, anasimama mbele ya baraza na kuhutubia siku baada ya siku, na mimi mwenyewe katika umri wa binti huyu nisingevumilia kurasa tatu. Nilikuwa nimemnunulia mtoto kitabu cha mtu wa miaka 38.

Kwa hiyo naandika ulinganisho huu kwa mzazi, shangazi au mjomba anayesimama mbele ya rafu na asijue achukue kipi, na kwa mtu mzima aliyeacha kusoma siku alipotoka kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne na sasa anataka kurudi. Umri nimeutaja kwa sababu lazima pa kuanzia pawepo, lakini kipimo ninachokiamini ni kingine. Mtazame msomaji wako anaruka nini. Kila msomaji huruka. Mtoto huruka maelezo ya mahali ili awahi mazungumzo. Kijana huruka nasaha. Kuna umri ambao mtu huruka mapigano yote ili ajue tu kama wapenzi watapatana. Ukijua anachoruka, umejua kitabu gani usimpe mwaka huu. Na siku akiacha kukiruka, kabadilika, hata kama hajajua.

Kabla hajashika kitabu mwenyewe

Hapa sina mengi ya kulinganisha. Bibi yetu pale Tanga alianza na "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!", na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuruka chochote, maana masikio hayana kurasa. Tukimharakisha, "Halafu, bibi, halafu?", alinyamaza akaendelea kuchambua mchele mpaka tutulie. Ukiwa na mtoto wa miaka minne mpaka minane, hadithi za Sungura na Fisi au hekaya za Abunuwasi zote zinafaa. Jambo kubwa ni umsomee kwa sauti, na akitaka ile ile kwa mara ya ishirini umsomee. Anajifunza kungoja. Mtoto aliyezoea kungojea hadithi hukuta kazi ya kusoma peke yake imepungua nusu.

Miaka 10 hadi 14: Bwana Msa na Willy Gamba

Huu ndio uchaguzi unaowagawa wasomaji wa Kiswahili wa kizazi changu, na nina upande wangu.

Bwana Msa ni mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, mwandishi wa Unguja. Riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960, baada ya hadithi hiyo kushinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950. Tajiri ameuawa, mahali penyewe ni mzimuni, na watu wengi wako tayari kuamini kwamba wazimu na mizimu vinahusika. Bwana Msa anakaa na kiko chake, rafiki yake Najum yuko pembeni, na fundo linafunguliwa kwa kufikiri. Hakimbizi mtu kwa gari, hapigi risasi. Anauliza, ananyamaza, anauliza tena.

Willy Gamba wa Aristablus Elvis Musiba ni mtu wa kizazi kingine. Ni jasusi wa Tanzania, na Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, wakati Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam na vita vya Msumbiji, Angola na Rhodesia vilikuwa havijaisha. Maadui wa Gamba ni majasusi wa Makaburu na vibaraka wao. Anaruka kutoka mji hadi mji. Katika Kikosi cha Kisasi anapambana Kinshasa. Bunduki, ndege, hoteli, usaliti. Na wanawake. Hilo mzazi alijue mapema, kwa sababu Gamba habaki peke yake hotelini muda mrefu.

Vikae bega kwa bega basi. Kwa lugha, Gamba ni mwepesi zaidi kwa mtoto wa bara: sentensi fupi, Kiswahili anachokisikia kila siku. Bwana Msa anazungumza Kiunguja chenye mizaha, mafumbo na maneno ambayo mtoto wa Dodoma au Nakuru atayauliza. Kwa mwendo, Gamba hampi msomaji nafasi ya kuruka, kwa kuwa kila ukurasa mtu anafukuzwa. Kwa Bwana Msa mtoto ataruka yale mazungumzo marefu. Nami niliyaruka nilipokuwa na miaka 12, nikawahi kwenye kurasa za mwisho kumjua muuaji. Kwa kile kinachobaki kichwani, Bwana Msa anashinda kwa mbali. Anamzoesha mtoto kushuku maelezo ya haraka. Watu wote wanasema mzimu, mtu mmoja anasema ngoja kwanza. Sijui zawadi nyingine unayoweza kumpa mtoto wa miaka 13 inayofanana na hiyo.

Ila Gamba ana lake, na sipendi anapodharauliwa. Kaka yangu alikuwa msomaji wa katuni tu. Kila alipopata gazeti la Sani alitafuta Madenge, akacheka, akalitupa. Alipokuwa na miaka 15 rafiki yake alimwazima Gamba, nakala isiyokuwa na jalada, imeshonwa kwa uzi wa gunia. Usiku ule alisoma kwa kibatari mpaka mama akamzimia. Kitabu kilikuwa na zamu, keshoye kilitakiwa kwa mtu mwingine, na hakukuwa na njia ila kukimaliza. Ndiye leo anayeniuliza mimi nimesoma nini. Kwa mvulana asiyependa vitabu kabisa, mwenye miaka 15 na zaidi, ningeanza na Gamba bila wasiwasi. Kwa miaka 12 au 13, Bwana Msa.

Hadithi za kwenye simu

Mtoto wa mdogo wangu mwenye miaka 17 haruki chochote. Kila usiku anasoma hadithi za simu, zile zinazotumwa kipande kipande, "sehemu ya 14", "itaendelea". Mama yake anaziita upuuzi. Nilikaa naye nikasoma sehemu sita. Uandishi wa hadithi zenyewe una haraka, makosa ya tahajia ni mengi, na kila kipande kinakatwa mahali pa kukuumiza. Lakini kijana huyu anasoma saa nzima kila siku kwa hiari yake, kwa Kiswahili. Hiyo ni tabia ya kusoma tayari, haina haja ya kujengwa upya.

Ukilinganisha na kitabu, simu inashinda kwa bei na kwa kupatikana. Kitabu kinashinda kwa jambo moja ambalo vijana wenyewe wameniambia: kina mwisho. Hadithi nyingi za simu humfia msomaji mkononi. Mwandishi anachoka, anapotea, na sehemu ya 41 haiji. Kijana wa namna hii mpe kitabu chenye sura fupi zinazokatwa vizuri, na umwahidi kwamba mwisho upo.

Miaka 15 hadi 18: anapojitafuta mwenyewe

Kuna wakati msomaji anaacha kuuliza nani kaua, anaanza kutafuta mtu anayefanana naye. Nakumbuka mwenyewe nikipekua kitabu chote nikitafuta msichana. Ndiyo miaka hiyo hiyo shule inapompa vitabu vya mtihani, na hapo wengi hukwama. Si kwamba vitabu ni vibaya. Watoto huvisoma kupitia vijitabu vya uchambuzi: maudhui, wahusika, mafunzo, basi. Nimekutana na vijana waliopata alama nzuri kwa riwaya ambayo hawakuifungua.

Nitalinganisha vitatu.

Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitabu cha sekondari Tanzania, inawafuata Peter na Zita, watoto wa mama muuza chakula Dar es Salaam, wanaokosa shule kwa umaskini na kuishia kuhangaika jalalani. Ni fupi, ya moja kwa moja, na msomaji wa mjini anayajua mazingira yale. Inafaa tangu miaka 14. Udhaifu wake kwangu ni kwamba mtoto aliyeisoma kwa ajili ya mtihani hafikirii tena kuirudia.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, Wakenya wengi waliisoma shuleni na bado wanaizungumza kwa mapenzi. Msimulizi, anayeitwa Kongowea Mswahili, analelewa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, na baada ya kifo cha mama anafunga safari kuvuka mpaka kumtafuta baba yake Kenya. Nilipoisoma nikiwa na miaka 16 nilishtuka kuukuta mji wangu kitabuni. Sikujua kwamba inaruhusiwa. Kwa kijana mpole, anayejiona hana pake, au anayelelewa na mzazi mmoja, sijaona riwaya inayomshika vizuri zaidi. Lugha yake ni tajiri na haimkimbizi msomaji. Kama una fedha ya kitabu kimoja tu kwa mtu wa miaka 16, nunua hiki.

Cha tatu ni Rosa Mistika ya Kezilahabi, na hapa wazazi huniuliza kwa sauti ya chini. Ilitoka mwaka 1971, na kwa kipindi ilikatazwa mashuleni kabla ya kuja kufundishwa. Rosa analelewa na baba mkali na mlevi, Zakaria, anayembana asizungumze na mvulana yeyote. Anapotoka nyumbani kwenda kusoma, hajui kabisa jinsi ya kuishi na uhuru. Ndani yake kuna kutoa mimba na kujiua. Usimpe mtoto wa miaka 13. Kwa msichana wa miaka 17, na hata mvulana, mpe, lakini kisome nawe wiki ile ile ili awe na mtu wa kuzungumza naye atakapofika mwisho.

Nitasema kilichonipata mimi na kitabu hiki, maana ndiyo sababu nakithamini. Nilipokuwa na miaka 17 nilimkasirikia Rosa. Nilimwona mjinga, nikakisoma chote nikimgombeza. Zakaria nilimruka, alikuwa baba tu, kama baba wengine wakali wa mtaani. Nilikirudia nikiwa na miaka 34, binti yangu amelala chumba cha pili, nikafika pale baba anapomwadhibu mtoto kwa sababu ya barua ya mvulana. Sikuweza kuendelea usiku ule. Maneno yalikuwa yale yale, lakini safari hii Zakaria ndiye niliyemtazama, na nikajikagua kama kuna siku nimesimama mlangoni kama yeye. Kwa hiyo akikuuliza mtu kama Rosa Mistika ni kitabu cha wasichana, mwambie ni cha wazazi wao pia.

Shaaban Robert, mara mbili

Sasa nirudi kwenye Kusadikika, kitabu nilichomtwisha mtoto kabla ya wakati wake.

Kilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi wake alikuwa mtu wa kwetu Tanga aliyetumikia serikali hiyo hiyo ya kikoloni. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo mema ya kuiongoza nchi, na malipo yao yakawa kifungo.

Nilikisoma shuleni nikiwa na miaka 16. Niliandika kwenye daftari: "Mafunzo: tupende haki." Nikapata alama zangu.

Miaka ya baadaye nilifanya kazi mahali fulani ambapo nilitumwa mikoani na wenzangu wawili kukusanya malalamiko ya watu. Tulizunguka wiki tano. Tuliandika ripoti kwa moyo wote, tukaikabidhi, ikaingia kwenye droo, na mwenzetu mmoja aliyeulizia mara mbili akahamishwa. Jioni moja nikakitoa Kusadikika bila sababu maalumu. Nilipofika kwa mjumbe wa pili nilikuwa nasoma nimesimama. Zile hotuba nilizokuwa nimeziruka, ambazo binti wa mdogo wangu aliziona za kuchosha, zilikuwa sauti ya mtu ninayemjua. Nilitaka aendelee kuhutubia.

Ukilinganisha na vitabu vyake vingine kwa mtu anayeanza, Adili na Nduguze ni mlango mpana zaidi: ina safari, majini na ndugu wenye husuda, na mtoto wa miaka 12 aliyelelewa na hadithi za bibi ataifuata bila shida. Kusadikika kiache mpaka mtu awe amewahi kusema kweli kazini ikamgharimu. Hakuna umri maalumu wa hilo. Wengine hulipata mapema.

Baada ya 30: vitabu visivyo na haraka

Kwa mtu mzima anayerudi kusoma, nafasi ya kwanza naipa Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979. Rashidi anaingia kazi ya bandarini Unguja, na hadithi inaelekea kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948, mgomo uliotokea kweli. Kurasa za kazi yenyewe, mzigo, jasho, msimamizi, ni zile ambazo kijana huziruka na mtu anayejua kuamka saa kumi alfajiri husoma polepole. Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, ni ndefu na ina mapenzi zaidi: Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa mzee, anatoroka, na maisha yake yanaingia katika siasa za kudai uhuru Zanzibar. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa kama filamu, na nimewaona watu wakienda kwenye kitabu baada ya kuitazama. Mwenye kuhofia kitabu kinene aanze na Kuli.

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021, inahitaji onyo moja. Yusuf, mvulana anayekabidhiwa kwa mfanyabiashara kulipia deni la baba yake, ana miaka 12 hadithi inapoanza. Usidanganyike na umri wa mhusika. Wanunuzi wengi hufanya kosa hilo, wakidhani kitabu chenye mtoto ndani yake ni cha mtoto. Yusuf haelewi anachofanyiwa, na msomaji lazima aelewe kwa niaba yake. Hiyo ni kazi ya mtu mzima.

Na Nagona, ya mwaka 1990? Ni nyembamba, na ndiyo ngumu kuliko zote nilizozitaja. Haina kisa cha kufuata. Ni kama kuota ukiwa macho, mtu anasafiri katika mahali palipokufa na maswali hayapati jibu la haraka. Anayetaka kurudi kwenye kusoma asianze nayo. Impendeze yule ambaye ameshasoma mengi, amechoka kuambiwa nani mwema na nani mbaya.

Nilichonunua mara ya pili

Kwa kaka mtu, Siku Njema na Gamba mmoja, vyote pamoja, achague mwenyewe aanze na kipi. Alianza na Gamba. Kwa binti, Mzimu wa Watu wa Kale. Kusadikika nilimwomba asikitoe pale juu ya kabati, akikihitaji atakikuta.

Juzi alinipigia kwa simu ya mama yake. "Mama mkubwa, shikamoo. Nimeshamjua aliyeua." Nikamwuliza alijuaje. Akakiri kwamba aliruka katikati akasoma mwisho, kisha hakuelewa Bwana Msa alijuaje, kwa hiyo sasa amerudi nyuma, anayasoma yale mazungumzo aliyoyaruka, moja moja, na kalamu ya risasi mkononi.